Maji Yangojayo Karamu

Maji yangojayo karamu huosha maiti. Mliyasikia maneno hayo jana mlangoni mwa kanisa, yule bibi alipomwambia mama aliyebeba mtoto mkubwa mgongoni, nanyi mkacheka mkidhani anawasema walafi. Leo mmenifuata hapa ninapochambua maharage, mnataka kujua yalitoka wapi. Kaeni. Msemo huu una nyumba ulimozaliwa na siku uliyozaliwa, nami siku hiyo nilikuwa mlangoni. Haukuwa methali wakati huo. Yalikuwa maneno ya mwanamke mmoja kwa baba mkwe wake, na aliyasema mara moja tu.

Mimi, kama mnavyojua, sikukaa mahali. Nilichoma matofali Tabora, nikachoma Mpanda, miguu ikawasha nikapanda Ufipa, kule juu kwenye baridi na upepo, wakati Mwingereza alikuwa bado na miaka michache ya kukaa. Kulikuwa na kijiji kinaitwa Katuula. Wakristo wake walikuwa wakisali katika kibanda cha nyasi, wakataka kanisa la matofali, nami nikapata kazi. Nililala katika mji wa mzee wa kanisa, Mzee Bonaventura Sikombe, na ndani ya mji wake ndimo jambo hili lilimotokea.

Mzee Bonaventura hakuwa mtu mbaya. Naanza na hilo kwa sababu mkifika mwisho mtataka awe mbaya, ili muwe na mtu wa kumtupia mawe. Alikuwa mkulima hodari, hakuwahi kumnyima mtu chumvi. Lakini alikuwa na kidonda kimoja cha zamani. Ujana wake alipotaka Ukristo, mapadre wa siku zile hawakumpa maji haraka. Walimvika medali shingoni, wakamwambia afundishwe miaka minne. Kila juma alitembea siku nzima kwenda misheni na siku nzima kurudi. Miaka minne ilipokwisha walibatizwa watu sitini kwa asubuhi moja. Padre alishika karatasi, akasoma majina aliyoyachagua yeye, na huyu likamwangukia Bonaventura, jina ambalo mama yake mzazi hakuweza kulitamka hadi anakufa. Wakaambiwa haya, nendeni nyumbani, mvua inakuja. Hapakuwa na hata kikombe cha uji.

"Nilingoja miaka minne," aliniambia mara nyingi tukiwa tumekaa kando ya tanuru, "nikarudi nyumbani na njaa."

Basi akaweka nadhiri moyoni kwamba mjukuu wake wa kwanza wa kiume atabatizwa, na nchi nzima ya Ufipa itajua kwamba amebatizwa.

Mjukuu alizaliwa mwezi wa Novemba. Baba yake, Nesto, alikuwa ameandikishwa katika mashamba ya mkonge huko Tanga, asingerudi kabla ya miaka miwili. Kwa hiyo mama wa mtoto, Leokadia, alikaa chini ya mamlaka ya mkwewe katika kila jambo, hata katika jambo la jina. Mzee alisema jina la mtoto analo, lakini halitasikika mpaka siku ya maji. Mpaka siku hiyo mtoto aliitwa Mgeni, kama watoto wachanga wanavyoitwa siku za kwanza. Wengine huitwa hivyo wiki moja. Huyu jina lile lilimkaa, akawa analigeukia.

Sasa mjue na desturi yao. Padre alikuwa na vigango vingi, Katuula alifika mara tatu kwa mwaka: Januari, Juni na Oktoba. Akija hubatiza, hufungisha ndoa, huondoka na pikipiki yake. Na kule ubatizo ulikuwa na karamu yake. Mwenye mtoto hupika pombe ya ulezi, huchinja, huita watu wa pande zote mbili, na mtoto lazima awe na msimamizi mwenye heshima. Padre hakuyaagiza hayo. Watu walijiwekea wenyewe, na kila familia iliongeza kidogo juu ya ile iliyotangulia. Wakwe wa Mzee Bonaventura, yaani wazazi wa Leokadia, walikuwa wamembatizisha mtoto wao wa mwisho kwa mbuzi wawili. Mzee akajua kwamba kwake mbuzi hawatatosha.

Januari ilipofika, mtoto alikuwa na miezi miwili. Leokadia alimpigia magoti mkwewe uani, mtoto mgongoni. Kwao baba huitwa tata.

"Tata, padre anakuja Jumapili. Wenzangu wanapeleka watoto."

"Ghalani kuna nini?"

"Maharage, na mahindi kidogo."

"Ulezi?"

"Umekwisha, tata."

"Basi wageni watakunywa nini? Machozi ya mtoto?"

Akacheka, naye Leokadia akacheka kwa heshima, kwa sababu kulikuwa na muda. Mtoto alikuwa mnene, ana pingili mikononi. Mzee akasema tungoje mavuno.

Mavuno yakaja. Juni ghala zilijaa ulezi, pombe ingepikwa hata mara kumi. Lakini Mzee alikuwa amekwisha kumwandikia binamu yake, karani wa boma kule Sumbawanga, mtu wa soksi ndefu na kofia, awe msimamizi. Karani akajibu kwamba amekubali kwa furaha, ila likizo yake ni Oktoba. Mzee akasema basi ni Oktoba.

Siku ya padre, Leokadia alifanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea kwake. Akina mama walipopanga mstari na watoto wao mbele ya altare, naye akasimama mwisho wa mstari. Mwenzake mmoja akageuka akamnong'oneza, tukasikia wote, "Na wewe umekuja? Tulidhani wako mnamngoja aote ndevu."

Mstari ukasogea mpaka padre akamfikia.

"Huyu ana miezi mingapi?"

"Saba, Padre."

"Kwa nini sikumwona Januari?"

Mzee Bonaventura akasimama upande wa wanaume. "Padre, huyo ni wa Oktoba. Msimamizi wake hajapata likizo."

"Mzee, mimi nabatiza watoto. Likizo sizibatizi."

Watu wakacheka. Ningetamani wasingecheka. Nilimwona Mzee akinyoosha shingo kama mtu aliyechomwa mwiba.

"Padre, mimi nilivaa medali miaka minne. Aliyenibatiza alikuwa padre kama wewe, tena mwenye ndevu nyeupe, na hakuniambia niharakishe."

"Wewe ulikuwa mtu mzima, ulikuwa unafundishwa imani. Huyu anafundishwa nini? Kunyonya?"

Kanisa zima likacheka tena, mpaka watoto. Nami nilicheka. Mzee akatembea katikati ya kicheko kile, akamshika mkwewe kiwiko, si kwa nguvu, akamtoa mstarini. Padre akaona kwamba amekwenda mbali, akapunguza sauti. "Haya, Mzee. Nyumba ni yako. Iwe Oktoba. Lakini mtoto akiugua sana msiningoje mimi, Desideri yupo."

Desideri alikuwa katekista wa Katuula. Walimwita Mwalimu. Mtu mpole, mwembamba, mwenye watoto saba, na shamba alilolima lilikuwa la Mzee Bonaventura. Hapa niseme jambo. Katika mafundisho kuna sura inayosema kwamba mtu akiwa karibu kufa, yeyote aliye na maji na nia njema aweza kumbatiza, awe mwanamume au mwanamke. Desideri alipoifundisha sura ile alikuwa akisema, "Katekista aweza," kisha anafunga kitabu. Sidhani alikusudia ubaya. Mtu mdogo akipewa ufunguo mmoja hapendi kutangaza kwamba mlango una funguo nyingi.

Tangu siku ya kicheko kile karamu haikuwa karamu tena, ilikuwa kesi. Mzee alinunua fahali mweusi kutoka bonde la Rukwa. Alialika vijiji saba. Na mwishoni mwa Septemba alifanya jambo lililonishangaza, maana lilikuwa la upendo. Alichukua mtungi mpya, akatembea mwenyewe siku mbili, maana miguu haikuwa tena ile ya ujana, hadi chemchemi ya misheni, ile ile ambayo maji yake yalimbatiza yeye, akateka, akarudi na mtungi begani. Mtu wa miaka yake. Aliuweka katika chumba cha Leokadia, palipo baridi, akaufunika kitambaa cheupe.

"Nataka tushiriki maji mamoja," aliniambia, "mimi na Mgeni." Macho yake yalikuwa na unyevu.

Mtungi ulikaa mle siku tisa.

Surua ilikuwa imeingia vijiji vya bondeni tangu katikati ya Septemba. Jumatano ya juma la padre ikampata Mgeni. Alhamisi vipele vikatoka. Ijumaa mchana kifua kikabana, akawa anapumua kwa mbavu. Kwa Mzee surua haikuwa ugonjwa, ilikuwa njia ya kila mtoto. Yeye mwenyewe alipita, na Nesto alipita.

Leokadia akaenda kwa Desideri, akamleta. Mzee alikuwa uani na wanawake wanaochuja pombe. Aliwaona wakipita, akawafuata. Mimi nilikuwa naziba ufa katika ukuta wa nje wa chumba kile, nikawa nasikia kama niliyekaa nao.

"Mwalimu," alisema Leokadia, "mbatize."

Nikasikia Desideri akiinama mkekani. Kwa muda nikasikia mtoto tu.

"Anapumua," alisema Desideri.

"Anapumua kama mtu anayepanda mlima. Mtazame pua."

"Surua ndivyo ilivyo, mama. Hupanda, halafu hushuka."

Mzee akaingilia, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Mwalimu, wewe umesoma. Ubatizo hurudiwa?"

"Haurudiwi, Mzee. Ni mara moja tu."

"Sasa ukimmwagia maji leo hapa mkekani, Jumapili padre atamfanya nini?"

Desideri akakohoa. "Labda atambariki."

"Atambariki. Vijiji saba, fahali, karani kutoka boma, wote waje kutazama mtu anabarikiwa. Hata mbuzi hubarikiwa."

"Tata," alisema Leokadia, "mimi sitaki watu. Nataka mtoto wangu aguswe na maji."

"Ataguswa. Maji si hayo hapo? Nimeyatoa mbali kwa miguu yangu. Jumapili ni kesho kutwa. Kesho kutwa ni mbali?"

"Kwa anayepumua hivi, ni mbali."

"Mwanangu, mimi simchukii huyu mtoto. Nikimpa maji ya kujificha, maisha yake yote ataambiwa alibatizwa kama mwizi. Unataka hivyo?"

Leokadia akamwambia katekista, "Mwalimu, padre alisema wewe upo."

Kilichopita kati ya Desideri na Mzee sikukiona, nilikuwa nje ya ukuta. Nilisikia jibu tu. "Nipo, mama. Akizidiwa, niite. Nyumba yangu si hapo tu?"

Akaondoka. Mzee akarudi kwenye pombe, akaionja, akasema bado haijachachuka vizuri.

Jumamosi asubuhi Mzee alimpa Desideri baiskeli yake aende barabara kuu kumpokea karani, ambaye angeshuka kwenye lori. Wala Desideri hakukumbusha ahadi aliyotoa jana. Jua lilipofika usawa wa ghala Leokadia alitoka mlangoni, akaniona mimi, maana wanaume wengine walikuwa wanafunga kamba za fahali.

"Fundi, niitie Mwalimu. Kimbia."

Nikakimbia. Mke wa Desideri akaniambia amekwenda barabarani. Nikarudi, na kurudi nikatembea. Ndiyo, nilitembea. Nilikuwa nafikiri. Mimi nilisoma mafundisho vipande vipande, katika misheni tatu, kila moja nikitoroka kabla ya maji, lakini ya kwanza padre wake alikuwa mzee asiyeficha kitu, na ile sura alitusomesha yote. Yeyote mwenye maji na nia njema. Hata ambaye mwenyewe hajabatizwa. Maneno yake niliyakumbuka nusu, nusu nyingine sikuwa na hakika nayo. Na nilijitazama, mikono ina udongo, mtu wa kupita, mla ugali wa Mzee Bonaventura. Nikasema moyoni, mimi nani?

Nikafika mlangoni. Mtungi ulikuwa pale, hatua tatu kutoka mkekani. Leokadia akaniangalia.

"Hayupo," nilisema.

Hilo tu. Mtoto alipumua baada ya hapo kiasi cha muda wa kuchemsha maji ya uji, kisha akaacha.

Dada yake Mzee, bibi mmoja jina lake Skolastika, ndiye aliyesimamia kuosha. Akaita maji. Hayakuwapo. Ilikuwa Oktoba, chemchemi ya kijiji imekonda, na maji yote ya mji ule yalikuwa yamekwenda kwenye pombe. Wasichana waliotumwa hawajarudi. Bibi akatoka nje akaangalia njia, akaingia, akatoka tena. Leokadia alikuwa amekaa, mtoto mapajani. Akamlaza. Akasimama, akautoa mtungi pale ulipokuwa, akavuta kile kitambaa cheupe.

Mzee alikuwa amesimama kizingitini tangu kilio kilipoanza, hajaingia, hajatoka. Alisema polepole, kama mtu anayemrekebisha mtoto, "Hayo siyo. Hayo ni ya ubatizo."

"Nayajua ni ya nini," alisema Leokadia. "Nimelala nayo chumba kimoja siku tisa."

"Mwanangu, ngoja, wasichana wanarudi."

Hapo ndipo aliposema. Hakupaza sauti. Alimimina maji katika beseni huku akisema, na maji yalikuwa yanasikika kuliko yeye.

"Maji yako yamengoja karamu, tata. Sasa yataosha maiti."

Bibi Skolastika akalia. Mzee akashika mwimo wa mlango. Ndipo tuliposikia ngoma.

Vijiji vinne vya kwanza vilikuwa vinashuka mlimani kwa wimbo wa ubatizo, akina mama mbele na vikapu vya unga kichwani, wanapiga vigelegele. Walikuwa hawajui. Hakuna aliyetoka kuwazuia, nadhani kila mtu alidhani mwingine ametoka. Walicheza mpaka ndani ya ua. Vigelegele vilikufa kimoja kimoja, kadiri kila mama alivyoona nyuso zetu, na mpiga ngoma aliyekuwa nyuma ndiye wa mwisho kuambiwa. Baada yao akafika Desideri akisukuma baiskeli, na karani pembeni yake, soksi ndefu, mkononi kifurushi cha karatasi chenye kanzu ndogo nyeupe. Karani alikizungusha kifurushi kile mkononi muda mrefu, akiuliza ampe nani.

Padre alifika jioni kabla jua halijazama. Akasimamisha pikipiki, akaona watu wamekaa chini, akajua. Aliketi na Mzee na Desideri barazani, sisi tumewazunguka, naye Leokadia ameegemea ukuta.

"Desideri, mtoto aliugua lini?"

"Jumatano, Padre."

"Maji yalikuwapo?"

"Yalikuwapo."

"Na ulimi ulikuwa nao?"

Mzee akasema, "Padre, usimlaumu. Mimi ndiye niliyemwuliza. Akasema ubatizo haurudiwi. Nikaona akimbatiza, Jumapili hatutakuwa na kitu cha kufanya mbele za watu."

Padre akaeleza, na alieleza taratibu kama darasani. Mtoto akibatizwa nyumbani kwa hatari, maji yale yametosha, hayarudiwi. Lakini akipona huletwa kanisani, na padre huyakamilisha yaliyobaki: anampaka mafuta, anamvika nguo nyeupe, anampa msimamizi wake mshumaa, anamtaja jina mbele ya watu wote.

"Karamu yenu," alisema, "isingepungua hata kipande kimoja cha nyama."

"Sikujua," alisema Mzee.

"Uliuliza?"

Nilimwona padre naye anajuta kuuliza, maana alikumbuka, kama nilivyokumbuka mimi, siku ya Juni tulipomcheka mzee yule tukamfunga mdomo.

Tulizika Jumapili, siku ile ile iliyopangwa. Sheria ya siku zile ilikuwa kwamba asiyebatizwa halazwi katika makaburi ya Wakristo. Padre hakuivunja, ingawa alikuja mwenyewe na jembe lake mkononi. Tulichimba nje ya ua wa minyaa wa makaburi yale, hatua chache tu, unaweza kunyoosha mkono ukagusa upande wa pili. Msalaba haukuruhusiwa, wakakubaliana kuweka jiwe, nami nikaombwa kuchora jina. Mzee akanisogelea.

"Alikuwa aitwe Mikaeli," alisema.

Leokadia akasikia. "Asiitwe," alisema. "Mimi nilimzaa Mgeni, na huyu tunayemzika ni Mgeni. Hilo jina lako kaa nalo, tata. Halikumfikia."

Basi nikaacha jiwe bila neno.

Pombe ilikuwa imeiva na fahali alikuwa amekwisha kuchinjwa, na watu wa vijiji saba hawawezi kurudishwa na njaa. Wakala. Msinitazame hivyo, hata nyinyi mngekula. Walikula kimya, karani naye akala. Leokadia alikuwa akipitisha vibuyu vya pombe kwa wageni kama mke wa mji anavyopaswa. Akanifikia mimi. Akachuchumaa mbele yangu, kibuyu mkononi.

"Fundi, padre amesema mtu yeyote aweza. Hata mwanamke. Hata mimi. Wewe umezunguka misheni nyingi. Ulijua?"

Nilifikiri kumdanganya. "Nilijua nusu," nilisema.

"Nusu ingetosha."

Akaniwekea kibuyu mikononi. "Kunywa. Ndiyo aliyoingoja."

Nilikunywa, kwa sababu alikuwa ananiangalia. Kesho yake nilifungasha. Tanuru sikuizima, na kanisa lile lilimalizwa na fundi mwingine.

Nilipita tena Katuula miaka sita baadaye. Sikukusudia, njia ilinipeleka. Nesto alikuwa amerudi, wamepata watoto wawili, na niliambiwa Leokadia aliwabatiza wote wawili kwa mkono wake, mle mle chumbani, kabla hata kitovu hakijakatwa. Padre alikuja juu, akamwambia watoto ni wazima, hapakuwa na hatari, haya si matumizi ya ile sura. Akamjibu, "Padre, hatari naijua mimi." Hakuna aliyechinja hata kuku. Mzee Bonaventura alikuwa hai bado, amekuwa mdogo mwili, anakaa juani. Alinisalimia kwa jina, hatukuzungumza zaidi.

Na nikakuta maneno yale yametoka chumbani yamekwenda mjini. Nilikuwa nimekaa na mafundi wanaoezeka nyumba, mmoja anataka waahirishe mpaka nyasi nzuri zipatikane, na mwenzake akamwambia, hivi hivi tu, huku anatafuna muwa, "Mvua hiyo inakuja. Maji yangojayo karamu huosha maiti." Wakacheka wakapanda juu ya paa. Walikuwa wamelisawazisha neno lile la Leokadia, wakamwondoa tata, wakamwondoa na mtoto. Likawa zuri, jepesi mdomoni. Hatua kumi kutoka pale Leokadia alikuwa akipalilia. Alinyoosha mgongo, akasikiliza mpaka mwisho, akainama tena.

Tangu hapo nimelisikia Sumbawanga, nimelisikia Mbeya sokoni, likisemwa juu ya paa, juu ya posa, juu ya mtu anayechelewa kupanda maharage. Ni sawa, methali ni mali ya kila mtu. Mimi sijalisema kwa jambo la paa. Nikilisikia huona beseni, na kifua kidogo chenye vipele, na maji yaliyotembezwa siku mbili begani kwa upendo yakimwagika juu ya mtoto wa miezi kumi na mmoja ambaye hakuyasikia.

Maji yangojayo karamu huosha maiti.